Miezi Minane Baada ya Ushuhuda

Kaka yangu alifariki katikati ya miaka ya tisini, kwa ugonjwa ambao siku hizo kwetu Ndhiwa haukutajwa jina. Baada ya maziko, wazee wa ukoo waliniambia nimrithi mjane wake, kama desturi yetu Wajaluo ilivyotaka. Nilikuwa na mke, na nilikuwa nimebatizwa. Nilikataa.

"Dini imemmeza huyu," mmoja alisema.

"Itamtapika tu," mwingine akajibu, wakacheka.

Sikukataa kwa kuwa sikumtaka. Nilimtaka, na desturi ingeniruhusu mchana kweupe. Nilifunga siku tatu, nikawarudia wazee na neno lilelile. Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba Bwana amenishindia. Watu wakaitikia amina. Nikakaa kama mtu aliyemaliza kazi.

Miezi minane ilipita, kisha mlango wa mjane ukaanza kuning'inia. Mimi ni seremala. Ufundi niliusoma mwenyewe, katika kitabu kimoja cha michoro. Nilijiambia kwamba kumsaidia mjane ni wajibu wa Mkristo. Mlango niliuacha kwanza; nilianza na dirisha, nikarudi kwa rafu, nikarudi tena kwa kiti. Kila safari ilikuwa na sababu ambayo ningeweza kuieleza mbele ya mtu yeyote.

Safari ya nne ndiyo ya mlango. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Niliulaza mlango uani nikaupiga randa, naye mjane alikuwa kizingitini akipukuchua mahindi. Nikasikia mikono yake imetulia.

"Shemeji."

"Naam."

"Umekuja kutengeneza mlango, au umekuja kukaa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha ndani kwa kidevu. Koti langu lilikuwa ukutani, kwenye msumari ambao kaka yangu alikuwa akitundika lake. Kwetu, mwanamume akitundika koti katika nyumba ya mjane amekwishasema. Hahitaji kuongeza neno.

Nilikumbuka kulivua kwa sababu ya joto. Nilikumbuka kushika randa. Kati ya hayo mawili sikukumbuka kitu chochote, na mpaka leo sikumbuki. Lakini kuna mtu aliyeingia mle ndani, akaupata msumari bila kuutafuta.

"Jibu lako nililikubali," alisema. "Ndiyo kwanza nalizoea. Chukua koti, shemeji, kabla mama yako hajapita akaliona."

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu yote. Alikuwa akipepeta dagaa wa omena, na hakuacha.

"Nilikuwa nangoja useme," alisema. "Siku za kwenda kule huwa unanyoa ndevu."

Nilihesabu kurudi nyuma: mlango, kiti, rafu, dirisha. Mara zote nne nilikuwa nimenyoa, na mara zote nne nilikuwa nimejitazama kwenye kioo kwa makini, nikihakikisha hakuna mahali wembe umeruka.

Kesho yake tulikwenda wawili. Mke wangu aliushika mlango, mimi nikakaza bawaba, na wale wanawake wawili wakazungumza habari za mvua. Sikuwa nimenyoa. Hata hivyo, nilipokuwa nikikaza parafujo ya mwisho, niligundua kwamba naikaza polepole kuliko ilivyohitajika.