Mrithi wa Maji ya Moto

Bwenini kwetu tulikuwa na malkia. Sisemi kiranja. Kiranja huchaguliwa na walimu na kupewa beji. Malkia alichaguliwa na malkia aliyemtangulia, na kazi yake ilikuwa moja tu: kugawa maji ya moto.

Shule yetu iko juu ya Othaya, mahali ambapo mashamba ya majani-chai yanafika hadi kwenye ua, na kuna miezi ukungu hauondoki mpaka saa ya chai. Ukifungua bomba asubuhi, vidole unaviona lakini huvihisi. Jikoni kuna boila ya kuni ambayo mpishi huiwasha mapema kwa sababu ya uji, na maji yanayobaki hugawiwa mabweni. Mamono, yaani wasichana wa kidato cha kwanza, walizijaza ndoo, wakazipandisha ngazi za mawe na kuzipanga mlangoni pa bafu. Malkia alisimama hapo na kopo lake. Kidato cha nne walioga maji ya moto kabisa. Kidato cha tatu tulipata kopo moja la kupunguza baridi. Kidato cha pili walinawa uso. Mamono waliobeba hawakupata kitu.

Hakuna aliyeuliza. Kidato cha pili walikuwa wamebeba mwaka uliopita, na sisi mwaka wa kabla ya huo. Mimi mwenyewe nilipobeba, maji yakinimwagikia miguuni, sikuwahi kufikiri kwamba yangeweza kugawanywa vingine. Nilichokuwa nikifikiri ni kwamba zamu yangu inakuja. Nadhani sote tulifikiri hivyo. Bweni zima lilikuwa foleni ya watu wanaongoja kuwa malkia, na ukiwa kwenye foleni humtukani aliye mbele.

Nilipokuwa kidato cha tatu, malkia aliniita kitandani kwake. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, ambaye angeweza kukuchekesha huku ukimfulia soksi.

"Wewe hunyamaza," akaniambia. "Nimechunguza. Hugombani na mtu. Nikiondoka utashika kopo."

"Sawa," nikasema.

Mimi husema sawa. Hata kwa daktari wa meno kule Karatina, nyumbani kwetu, aliniuliza ni jino gani linauma nikasema sawa.

Kuanzia siku hiyo nikawa mrithi. Sikupewa chochote mkononi, lakini mambo yalibadilika. Nilihamishiwa kitanda cha ukutani ambako upepo haufiki. Wenzangu walianza kunisubiri nimalize kuongea, mimi ambaye kuongea ni shida. Na nilipewa mono wa kunibebea ndoo, mtoto mdogo mwenye mdomo mwingi aliyetoka Kutus.

"Kwetu Kutus mtu analala na shuka moja, na bado anaitupa," aliniambia siku ya kwanza. Alikuwa amevaa sweta mbili na juu yake ile ya michezo. "Hapa mmetuweka kwa friji. Ati mnataka tukae fresh."

Nilicheka. Sikumtuma dukani, sikumpigia kelele, na kwa sababu hiyo alikuwa akija kukaa kwenye kitanda changu baada ya masomo ya usiku ya prepu, anasimulia habari za kwao, jinsi mama yake anavyouza chakula karibu na stendi, jinsi wateja wanavyodanganya kwamba wameshalipa. Mimi nasikiliza. Jioni moja akaniuliza bila kuzunguka.

"Ukikuwa malkia, na sisi tutaoga?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema hapana, ndivyo mambo yalivyo, hata mimi nilibeba. Nilitabasamu nikasema, "Tutaona."

Nilijua atalichukuaje jibu hilo. Nililisema hivyo kwa sababu nilipenda vile alivyonitazama, na nilitaka aendelee.

Halafu ikaja asubuhi ambayo wengi wa kidato cha nne walikuwa wameenda mashindano ya drama Nyeri mjini. Malkia alikuwa amebaki. Akanipa kopo, akaniambia nijaribu huku yeye akipiga mswaki nyuma yangu. Niligawa vizuri, hakuna aliyelalamika. Mwishoni nikaona nusu ndoo imebaki, inatoa mvuke. Jambo hilo halikuwa la kawaida. Na yule mtoto wa Kutus alikuwa amesimama mlangoni akingoja ndoo yake tupu airudishe jikoni. Alitazama maji. Akanitazama. Kisha akaanza kukunja mikono ya sweta, ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kulikuwa na sheria. Maji yakibaki yanamwagwa, kwa sababu mono akizoea maji ya moto atakuwa mvivu. Nyuma yangu nikasikia mswaki umesimama. Sijui malkia angesema nini. Pengine angecheka tu, akaniambia wewe fanya unavyotaka. Lakini nilihisi macho yake shingoni, na macho ya wengine waliokuwa wakijipangusa, na mimi kitu ninachoogopa kuliko vyote ni kuanza jambo mbele ya watu.

Nikainamisha ndoo. Maji yakaenda kwenye mfereji, mvuke ukapanda mpaka magotini. Nikampa mtoto wa Kutus ndoo tupu. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, kama walivyofundishwa.

Kesho yake mamono walienda jikoni kama kawaida. Walijaza ndoo kama kawaida. Tuliwasikia wakipanda ngazi. Kisha wakampita malkia mlangoni bila kuziweka chini, wakaingia bafuni nazo, wakafunga milango kwa ndani, na tukasikia maji yakimwagika juu ya watu. Mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Sauti hiyo niliijua. Wengine wakaitikia.

Malkia akabisha. "Mono, fungua."

"Kuna mtu," ikajibu sauti.

"Najua kuna mtu. Nimesema fungua."

"Nikimaliza, malkia. Hata mgongo bado."

Kidato cha pili wakaanza kucheka. Hawakutaka, walijaribu kuziba mdomo kwa taulo, lakini kicheko kikatembea hadi kwetu, hadi kwa kidato cha nne wenyewe. Malkia akabaki amesimama na kopo lake. Ufalme wake uliisha pale, kabla mwalimu yeyote hajajua. Kwa hasira, msichana mmoja wa kidato cha nne akaupiga mlango teke. Kitasa kikavunjika, ndoo ikapinduka, naye akateleza kwenye saruji na kuuangukia mkono wake. Alipiga ukelele mmoja tu. Metroni, mlezi wa bweni, alipofika alimkuta anatetemeka, mkono umeshavimba.

Kwa sababu mtu ameumia, ilibidi pawe na wa kulaumiwa. Metroni aliuliza nani alianza kuimba, na mtoto wa Kutus akasema ni yeye.

Siku hiyo tulikuwa na somo la historia, na mwalimu wetu, ambaye habari zilikuwa zimemfikia, alituuliza eti kwa nini watu wa kawaida huinuka dhidi ya wafalme. Alikuwa akitabasamu ndani ya ndevu. Wakasema kodi. Wakasema njaa, ardhi, vita visivyoisha. Mwalimu aliandika yote ubaoni.

"Mwalimu, na baridi?" akauliza mmoja wa nyuma, darasa likaangua kicheko.

"Watu waliogandishwa hukaa kitandani," mwalimu akasema. "Nipe sababu nyingine."

Nilikuwa nayo. Niliinamisha kichwa nikanakili kodi, njaa, ardhi.

Adhuhuri deputi, naibu wa mwalimu mkuu, akaniita ofisini. Si mtu mbaya. Alinivutia kiti.

"Wewe unajulikana kwa utulivu," akasema. "Kwa hivyo utakachosema nitakiamini. Hawa watoto wamebeba maji tangu wafike. Leo wameamka wakakataa. Jana kulitokea nini?"

Nikavuta sketi ifunike magoti.

"Nisikilize. Kama kuna mtu aliwachokoza, hii ni kesi ya wakubwa kuwaonea wadogo, na huyu msichana atarudi darasani sasa hivi. Kama hakuna, basi aliongoza fujo na mtu akaumia. Ataenda nyumbani mpaka bodi ikutane, na rekodi yake itaandikwa hivyo. Kulitokea kitu?"

Mlango ulikuwa wazi. Mtoto wa Kutus alikuwa ameketi kwenye benchi nje, nywele zake bado hazijakauka. Kutoka nilipokuwa niliona goti lake.

"Sijui, mwalimu."

"Hujui, au hakuna?"

"Hakuna," nikasema.

Alichukuliwa na mama yake jioni. Nilitazama kutoka dirisha la bweni. Mama alikuwa mwanamke mfupi mwenye leso kiunoni, amebeba sanduku la mtoto kichwani ingawa mtoto alikuwa na nguvu za kulibeba mwenyewe. Walishuka barabara ya majani-chai.

Baada ya hapo deputi aliamuru kila mtu ajitekee maji mwenyewe kwa foleni, mkubwa kwa mdogo. Kopo likatoweka. Bwenini walisema ni malkia aliyeyamwaga yale maji, na kila nilipowasikia nilikuwa na jambo la kufanya mahali pengine. Yeye mwenyewe alisikia, akanitazama, akarudi kwenye vitabu vyake. Alifanya mtihani wake akaondoka shuleni bila kuniaga. Mtoto wa Kutus alirudi karibu na mwisho wa muhula, masomo yamempita. Hakuja tena kukaa kitandani kwangu.

Mwaka huu niko kidato cha nne. Asubuhi moja kwenye foleni ya boila nilijikuta nyuma ya mtoto wa Kutus. Nilikaribia kurudi bwenini. Miguu ilishaanza kugeuka.

"Ile siku," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Siku gani?"

"Ya maji. Ni mimi niliyamwaga."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa jina lake mwenyewe. "Najua. Si nilikuwa hapo? Hata ndoo ilikuwa yangu."

"Lakini wanasema ni malkia."

"Mimi ndiye niliwaambia waseme hivyo. Ungeitwa asembli ungezimia. Ningefanya nini na wewe ukiwa chini?"

Sikuona pa kutazama. Nikamwuliza jambo ambalo lilinisumbua tangu siku ile. Walikuwa wamenyimwa maji tangu wafike. Kwa nini waliasi kwa ajili ya nusu ndoo?

Alisukuma ndoo yake mbele kwa mguu, foleni ilikuwa imesonga.

"Malkia angemwaga, tungechukua ndoo twende. Huyo tulimjua. Lakini wewe nilikuwa nimekutangaza. Kila jioni nikitoka kwako naenda naambia mamono, vumilieni, huyu anayekuja ni wetu. Halafu ukamwaga, na mimi nimekunja sweta. Niliporudi wakaniuliza, sasa tunangoja nani?" Akainua mabega. "Sikuwa na mtu wa kuwaambia."

"Pole," nikasema.

"Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa hapo. Mama hajui. Mpaka leo anaamini nilivunja mtu mkono kwa sababu ya kichwa kibaya. Akinitembelea ananiombea mbele ya watu. Mwambie yeye."

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi. Wangu hawakuweza kuja, soko la Karatina haliachwi Jumamosi. Nilimkuta mtoto wa Kutus na mama yake wamekaa kwenye nyasi chini ya ukuta wa maktaba, mama amefungua bakuli zake. Nilisimama hapo mpaka mama akauliza kama ninataka kiti. Kisha nikasema yote, ndoo, mswaki, ofisi, lile neno "hakuna". Niliyasema haraka, nikitazama vidole vya miguu yake.

Aliacha kupakua.

"Kwa hivyo alifukuzwa na wewe ukijua."

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unaogopa nini? Wangekupiga?"

Nilitafuta. Deputi hangenipiga. Malkia hangenipiga. Wenzangu wangenicheka siku moja, pengine mbili, kisha wangesahau.

"Hapana," nikasema. "Sijui niliogopa nini."

Alimgeukia binti yake, akamnong'oneza kitu kwa Kikuyu, polepole, nikasikia jina lake tu mwishoni. Mtoto wa Kutus alitikisa kichwa akatazama pembeni, na nikaona kidevu chake kinacheza. Mama akamshika shavu kwa mkono wenye mafuta ya chakula. Wakakaa hivyo. Nilitaka kuondoka lakini sikujua kama nimeruhusiwa.

Kisha mama akachukua sahani ya tatu. Alipakua wali, minji na kipande cha kuku, kikubwa kuliko cha binti yake, akanisukumia.

"Asante, mama, nimeshiba," nikasema.

"Sijakuuliza kama umeshiba. Kaa."

Nikakaa. Nilikula mbele yao, kijiko baada ya kijiko, na kila nilipomaliza kutafuna nilidhani watasema jambo. Walikuwa wakiongea juu ya bei ya mchele, na mjomba aliyenunua pikipiki, na kuku aliyehamia kwa jirani. Wali ulikuwa mtamu. Sikutaka uwe mtamu. Nilipoweka kijiko chini, mtoto wa Kutus alinyoosha shingo, akaangalia ndani ya sahani yangu.

"Maliza," akasema. "Mama hapendi mtu anayeacha."