Mitende Haina Kona

Jumatano ya Ibra ilikuwa na mambo mawili kwangu. Asubuhi ni soko la wanawake, tunamouziana wenyewe kwa wenyewe vitambaa, wanja, samli na mabokoboko ya ngano ya jana. Jioni, baada ya Magharibi, ni darasa. Soko nililikuta hapa tulipohamia kutoka Maskati, mume wangu alipostaafu na kutaka kuishi karibu na shamba la baba zake. Darasa nalo nililipata mbali sana na hapa.

Binti yetu anaishi Kanada. Alipojifungua mtoto wa kwanza nilikwenda kumlea, na mume wangu akabaki na mitende yake. Ilikuwa majira ya baridi. Ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya binti yangu, palikuwa na jengo la matofali mekundu, kituo cha jumuiya ya Wayahudi wa mtaa ule. Mlangoni alikaa mlinzi anayekagua mikoba. Ndani kulikuwa na bwawa la kuogelea, maktaba, mkahawa mdogo, na vyumba ambamo watu wazima husoma. Siku niliyoingia, mtoto alikuwa amelala, mama yake amelala, na mimi nilikuwa nimechoka kuitazama theluji dirishani. Mwanamke wa mapokezi aliutazama mtandio wangu, kisha akavitazama viatu vyangu vilivyolowa.

"Kuna supu," akasema. "Na saa nne kuna somo. Anza na supu."

Wanafunzi wengi walikuwa wastaafu. Somo la msimu ule lilikuwa desturi za nyumbani na shambani: mavuno, mgeni, mkate, harusi, msiba. Kilichonishangaza si somo, bali namna ya kulisoma. Kwao mtu hasomi peke yake. Kila mmoja hupewa mwenzake, na wawili hao husoma mistari michache kwa sauti, kisha hubishana. Mwenza huyo huitwa havruta. Chumba kizima kilikuwa kikivuma kama soko la samaki, na mwalimu akipita baina ya meza wala hamnyamazishi mtu. Mimi nimekulia Unguja, kwenye darsa ambamo sheikh husema na mwanafunzi huinamisha kichwa. Nikapewa bibi mmoja mkubwa kwangu, mjane, mfamasia mstaafu, mwenye kifaa cha kusikilizia katika sikio la kushoto.

Tulianza na sheria yao ya zamani kwamba mvunaji asivune shamba lake lote. Kona aiache, maskini waje wajichumie.

"Haya," akasema. "Kile kilichobaki konani ni sadaka ya mwenye shamba, au ni haki ya maskini?"

Nikafikiri. "Vyote viwili."

"Hilo si jibu, hiyo ni adabu. Chagua."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona haki."

"Basi na mimi naona haki."

Akauweka chini ule ukurasa. "Sikiliza, mama. Ukikubaliana nami tena nitaomba mwenza mwingine. Nimeishi na mume aliyenikubalia kila kitu, na sikujifunza kitu."

Siku ile nilirudi kwa binti yangu nimekasirika. Wiki iliyofuata nilirudi kituoni na hoja tatu.

Niliporejea Ibra, masomo yaliendelea kwa kompyuta. Saa nne yao ya asubuhi ni Magharibi yetu. Niliiweka kompyuta juu ya meza ya cherehani, karibu na dirisha, na mume wangu alikuwa akijilaza kwenye makochi nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Kiingereza hakukipenda, lakini alitaka apashwe kila kitu.

"Bibiye, Mayahudi wako leo wamesemaje?"

"Wanarudia ile ya kona. Nani mwenye kuipima."

Akacheka. "Waambie mitende haina kona."

Nikaifasiri. Mwenzangu kule alishika shavu, akacheka mpaka kifaa chake kikapiga mluzi. Tangu siku ile hakuwahi kuuliza "mumeo hajambo?" Alikuwa akiuliza, "Yule bwana wa mitende isiyo na kona yupo?" Na mume wangu akisikia sauti ile hujibu kwa Kiswahili kutoka makochini, "Mwambie nipo, sijavunwa bado."

Dada yangu aliyeko Sur hakulipenda jambo hili hata kidogo. "Shikamoo dada," nilikuwa nikimwanza, na kabla ya marahaba ananirukia: "Dunia inaungua, watoto wa watu wanazikwa Ghaza, wewe umekaa unasoma na Mayahudi?" Mimi na mwenzangu tuliligusa jambo hilo jioni moja. Hatukulimaliza, na hatukujifanya kwamba tumelimaliza. Jumatano iliyofuata alikuja, na mimi nilikuja.

Mume wangu alifariki mwanzo wa majira ya tende. Alitoka kuangalia mafundi wa mfereji, akarudi, akasema kifua kinambana, na kabla mwanangu hajafika kutoka Nizwa alikuwa ameshakwenda. Akazikwa jioni ile ile, kama ilivyo desturi. Wanaume walikaa kwenye sabla, baraza ya mtaa, wanawake wakaja kwangu. Kila anayeingia hunipa mkono, husema "ahsana Llahu azaaki," Mungu akupe faraja njema, hukaa kidogo, hunywa kahawa chungu, hula tende moja, huondoka, na nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Siku ya tatu tukaanua matanga. Binti yangu aliwahi mwisho mwisho wa matanga, akakaa wiki moja, akarudi kwa watoto wake. Mwanangu akarudi Nizwa kazini, akaahidi kuja kila Ijumaa, na anakuja.

Nikabaki na eda. Mjane hatoki mpaka eda yake imalizike, kwa hiyo soko likanitoka. Majirani ni watu wema. Waliniletea vyakula, wakanisemesha Kiarabu, nikawajibu Kiarabu. Lakini mle ndani Kiswahili nilikuwa nikizungumza na mtu mmoja tu, na ndiye aliyekwenda. Wanangu hukijua cha kusikia; nikiwaanza nacho hunijibu Kiarabu. Zikapita siku nzima nisisikie hata neno la Kiswahili isipokuwa ninapoongea na sufuria. Nikapika wali, nikajikuta nimepima wa wawili, na sikumwambia mtu.

Binti yangu ndiye aliyewapa habari kituoni. Darasani kuna wanaume, na nilikuwa nimeamua nisiingie mpaka eda iishe. Mwenzangu akaniandikia kwamba Jumatano atanipigia peke yake, kama nitapenda. Nikapenda. Nikaoga mapema, nikavaa, nikaifuta kompyuta vumbi. Nilikuwa nimemngoja yeye kuliko nilivyomngoja mtu yeyote wa matanga.

Akatokea. Alikuwa amekaa mezani kwake, viganja juu ya meza, hana kitabu mbele yake. Alinitazama. Hakunipungia mkono kama siku zote.

Nikangoja. Kwetu anayeingia ndiye anayesema. Mfiwa hajipi pole; hukaa, na maneno huletwa kwake kama kahawa. Basi nikangoja aseme lolote, hata la kukosea.

Hakusema.

Nilidhani sauti imekatika. Nikainama nikaangalia waya, nikaongeza sauti. Nikasikia basi likipita nje kwao, na saa ya ukutani. Sauti ilikuwa nzima. Nikamtazama tena. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, au ni taa. Kinywa amekifunga. Yule aliyekuwa hawezi kumaliza mstari bila kunikatiza, amekaa kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Nikasema moyoni, huyu hajui la kumwambia Mwislamu aliyefiwa. Au anaogopa kukosea. Au dada yangu ana haki. Nikafunga kompyuta.

Jumatano iliyofuata simu yake ililia kwenye kompyuta juu ya meza ya cherehani. Sikuipokea. Na iliyofuata hivyo hivyo. Dada yangu akapiga kutoka Sur, nikamweleza, nikategemea angalau anihurumie.

"Alikaa kimya tu?"

"Kimya."

"Hata pole?"

"Hata pole."

"Mimi nilikwambia nini?" akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wewe mbona unalilia hili kuliko mazishi?"

Alikuwa amepatia. Kwenye mazishi nilikuwa na watu wa kunitazama nisilie.

Kituo huwapelekea wanafunzi rekodi ya kila somo. Zilikuwa zimenijia zote, sijafungua hata moja. Miaka yote nilifanya kazi ya kufasiri habari, na tabia ya kazi ile haijaniacha: siwezi kuacha jambo katikati wala kuruka kipande. Basi jioni moja nikaanza nilipoishia na mume wangu, kwenye mavuno, nikaendelea kwa utaratibu wake: mgeni, mkate, harusi. Nilikuwa nikisikiliza huku nashona pindo za mashuka ambayo hayakuhitaji kushonwa. Makochi yalikuwa nyuma yangu. Sikugeuka.

Somo lililofuata lilikuwa nyumba ya msiba. Mwalimu, mzee mwenye kikohozi, alieleza kwamba kwao wafiwa hukaa nyumbani siku saba, mlango haufungwi kitasa, yaani mtu hagongi, huingia tu.

"Na akiingia hasemi," mwalimu akasema. "Anakaa, anangoja. Mfiwa ndiye mwenye maneno. Akitaka kumtaja marehemu, mtamtaja. Akitaka kuzungumza habari za mvua, mtazungumza mvua. Akinyamaza, mnanyamaza wote. Mgeni anayeanza yeye kusema anamnyang'anya mfiwa kitu."

Nikaiweka sindano chini.

Kisha nikasikia mluzi wa kile kifaa cha sikioni, na sauti ninayoijua. "Nina swali. Na mfiwa akiwa ni wa watu ambao kwao mgeni ndiye huanza?"

Mwalimu akakohoa. "Umempata mtu kama huyo?"

"Ninaye. Nilikaa mbele yake kwa heshima yangu yote, akanifungia mlango."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

"Nimeuliza watu baadaye," akaendelea, "ndio nikaambiwa. Sasa nifanye nini? Nikianza mimi, nimevunja desturi yangu. Nikinyamaza, nimemvunja yeye."

"Hilo sina jibu lake," akasema mwalimu. "Ungekuwa na mwenza, ungemuuliza."

"Mwenza wangu ndiye huyo."

Nikairudisha rekodi nyuma. Nikaisikiliza tena kuanzia mluzi. Sikuhitaji, nilikuwa nimesikia vizuri mara ya kwanza. Ila ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga kusikia mtu ananitaja bila ya kuniita maskini.

Jumatano nikakaa mezani kabla ya adhana ya Magharibi. Simu ilipolia nikaipokea. Alikuwa vile vile: viganja mezani, hana kitabu. Alifumbua kinywa, nikaona anataka kuanza, na nikaona linavyomgharimu. Nikanyanyua mkono kumzuia.

"Ngoja," nikasema. "Neno ni langu."

Akafumba.

Sikuwa nimetayarisha kitu. Nikamwambia asubuhi ile mume wangu aliomba chai ya mchaichai, hakuimaliza. Nikamwambia kandambili zake zilibaki mlangoni zimeelekea nje, na mwanangu alitaka kuziondoa nikakataa. Nikamwambia wali ninaoupika. Kiingereza changu kikaniishia katikati, nikaendelea kwa Kiswahili, na yeye akaendelea kunitazama kama anayefahamu kila neno. Nilipochoka nikarudi kwenye Kiingereza.

"Basi," nikasema. "Kwetu ni siku tatu. Zimepita zamani. Watu wote wamesema yamekwisha."

Kisha akasogeza kiti mbele, nikamwona yule wa siku zote.

"Sikubali," akasema.

"Hukubali nini?"

"Kwamba yamekwisha. Nani kasema?"

"Watu. Desturi. Dada yangu."

"Hao ni wengi, si ushahidi."

"Na wewe ushahidi wako uko wapi?"

"Juzi amekuja mwanafunzi mpya kituoni," akasema. "Mkulima mstaafu, mbishi, hajui chochote. Tukafika kwenye kona ya shamba. Nikamwambia kuna bwana wa Omani amesema mitende haina kona. Amecheka sana. Kisha akaniuliza, huyo bwana anakuja darasani lini?"

"Ukamjibu nini?"

"Bado sijamjibu. Nimekuja kukuuliza wewe."

Nje muadhini akaanza Isha. Yeye huisikia kupitia dirisha langu, na tangu mwanzo wa masomo yetu huwa anangoja imalizike. Akangoja. Nikageuka nikayatazama makochi. Mto ulikuwa pale pale, umebonyea upande mmoja, na hapakuwa na mtu.

Adhana ikaisha.

"Mwambie hayupo, ameshavunwa," nikasema.

"Sikubali," akasema mwenzangu. "Jaribu tena."