Linux Mpya na Luku ya Nyumba Nzima

Mwanangu Hamidu, iko Jumamosi moja ambayo kila nikipita kwenye korido yetu lazima inirudie. Najua utacheka kuitwa mwanangu na dada yako ambaye bado anavaa sare ya shule. Cheka tu. Mwaka huu namaliza kidato cha nne, laptop hii inabaki kwako, na wewe ndiye utakayetumia zile kompyuta za shule. Nilitaka kukusimulia kwa mdomo, lakini unanijua, mambo yangu mdomoni hayatoki. Kwenye karatasi yanatoka vizuri.

Nilikuwa kidato cha pili. Kompyuta za shule zilikuwa na Linux ya zamani, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na kila tukijaribu kuweka toleo jipya la ileile, mashine zinalemewa. Unabonyeza, unaenda kunywa maji, unarudi, bado inafikiria. Mkuu wa shule akasema zitolewe, chumba kiwe stoo ya madawati mabovu. Mwalimu wetu wa kompyuta akamwomba asubiri mpaka Jumatatu, amwonyeshe kwamba kuna Linux nyingine nyepesi inayoweza kuzifufua. Halafu akatugeukia sisi na kuuliza nani mwenye mashine nyumbani aijaribu kwanza, aje aonyeshe. Mkono ulioinuka ulikuwa wangu, na mpaka leo sijui ulitoka wapi, maana mimi hata ruhusa ya kwenda chooni nilikuwa naombewa na jirani yangu wa dawati.

Ngoja nikueleze kidogo, usije ukapotea. Linux ziko nyingi, kama vitenge vya mama pale dukani Kariakoo. Pamba ni ileile, ila kila kiwanda kina chapa yake na ulaini wake. Unaweza kuvaa chapa moja miaka yote ukadhani ndiyo vitenge vyote. Mimi nilikuwa hivyo.

Kaka Rama, yule fundi simu wa Mtaa wa Msimbazi jirani na duka la mama, ndiye aliyenipakulia Debian, ile Linux nyepesi aliyoisema mwalimu, kwenye flashi.

"Dogo, usifute kitu kwanza," akaniambia huku macho yake yako kwenye simu aliyoifungua. "Iwashe kutoka kwenye flashi, iguse kila mahali, uone kama inaelewana na mashine yako. Halafu vitu vyako vihamishie pembeni. Umenisikia au unatikisa kichwa tu?"

Nilikuwa natikisa kichwa tu.

Jumamosi mchana mama yuko dukani, wewe uko mpirani, mimi na laptop mezani. Vitu vyangu nilishavihamisha. Nikaiwasha kutoka kwenye flashi, na hapo, mwanangu, nilikaa nikaiangalia kama mtu aliyeletewa mgeni mzuri. Ile feni ya laptop iliyokuwa ikipiga kelele kama cherehani ilitulia. Ukibonyeza, kitu kinafunguka hapohapo. Haina mapambo mengi. Iko wazi, safi, kama chumba kilichotoka kufagiwa. Nilicheza na rangi za kioo, nikabadilisha maandishi, nikafungua kila kitu nilichokiona kwa macho. Nilipoianzisha kazi ya kuiweka moja kwa moja, ikaniuliza niko wapi, ikaleta ramani ya dunia nzima. Nikabofya pwani yetu, likatokea jina Dar es Salaam. Sijui kwa nini jambo dogo kama lile lilinigusa. Niliona kama watu nisiowajua, walioitengeneza huko waliko na kuigawa bure, walikuwa wananitarajia.

Sasa, betri ya laptop hii ilishakufa tangu tuinunue, unajua, haiishi bila waya. Na Luku yetu, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa nyumba nzima, vyumba vinapokezana kununua umeme. Wiki ile ilikuwa zamu ya Mama Neema wa chumba cha mwisho, anayeuza barafu za ubuyu. Kabla sijabonyeza iendelee, nilitoka kuchota maji, nikaona mita ya koridoni inawaka ile taa nyekundu ya kuonya kwamba umeme unakaribia kuisha. Nikasimama mbele ya mlango wa Mama Neema. Nikainua mkono kubisha. Nikaushusha. Nikajiambia mtu mzima hawezi kukumbushwa na mtoto, ataona namsimamia. Nikajiambia pia kwamba umeme utatosha. Nikarudi, nikabonyeza.

Ilifika katikati, imeshafuta ya zamani na mpya haijakaa, feni ya dari ikaanza kupunguza mwendo. Nikaiangalia feni, nikaiangalia laptop. Kioo kilikuwa cheusi.

Nilikwenda kukaa chini koridoni. Sikulia kwa sauti, lakini Mzee Ngonyani, yule aliyehamia hapa kwetu Magomeni kutoka Songea kabla mama hajaolewa, alikuwa anatoka chumbani kutafuta hewa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona umekaa kama mgeni aliyekosa mwenyeji?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, ingawa sidhani alijua Linux ni kitu gani.

"Hii taa nyekundu uliiona?"

"Niliiona."

"Lini?"

"Kabla sijaanza."

"Ukamwambia nani?"

Nikaangalia mlango wa Mama Neema. Akashusha pumzi, akaegemea ukuta.

"Mjukuu wangu, wewe una adabu, nyumba nzima tunalisema hilo. Lakini leo hukunyamaza kwa adabu. Ulinyamaza kwa sababu ulikuwa unajionea huruma wewe, usije ukaangaliwa vibaya. Barafu za mwenzio zinayeyuka humo ndani, mimi najipepea na gazeti, na mashine yako imekufa. Sasa kuna mtu mmoja humu nyumbani ambaye ulimheshimu?"

Hakupandisha sauti hata kidogo, ndiyo maana nayakumbuka maneno yote. Nilidhani atakwenda kubisha yeye. Akaniashiria mlango kwa kidevu, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Nikabisha. Mama Neema akafungua akiwa na nguo nusu zimekunjwa mkononi.

"Mama, shikamoo. Samahani. Luku imeisha, niliiona mapema, sikusema."

"Ee. Uliiona ukaiacha?" Akaniangalia juu mpaka chini, halafu akaanza kucheka. "Wewe mtoto, mimi nakaa humu na joto hili nasema labda wamekata mtaa mzima. Si ungebisha? Kwani mimi nakula watu? Haya, nanunua umeme sasa hivi, shika simu, nisomee namba zikija, macho yangu hayo maandishi madogo hayayapendi."

Namba zikaja, nikazibonyeza kwenye mita, nyumba ikapumua. Mzee Ngonyani akasema kutoka kwenye kigoda, "Sasa waambie na wengine."

"Niwaambie nini?"

"Unachotaka wakufanyie. Au wataota?"

Nikaenda mlango kwa mlango, nikieleza kwamba nina kazi ya shule na umeme usikatike mpaka iishe. Nilitegemea kuchekwa. Mama Neema mwenyewe alisema pasi atapiga kesho, wakati huohuo alikuwa ameshaichomoa. Wengine wakazima hita na redio. Mzee Ngonyani akahamishia kigoda chake chini ya mita, akakaa akiiangalia ile taa kama askari.

Na laptop je? Hapa ndipo nilipozidi kuipenda hii Linux. Nilidhani nimeiharibu kabisa. Nikachomeka flashi, nikawasha, ikaniuliza tena niko wapi, kwa upole uleule, kama vile hakuna kilichotokea. Ikaanza upya, ikamaliza. Mama Neema alichungulia mlangoni akauliza, "Imekubali?" Nikasema imekubali, na korido ikashangilia kitu ambacho wengi wao hawakukielewa.

Shida haikuishia hapo, nisikudanganye. Wi-Fi haikuonekana popote. Nilitafuta mpaka macho yakauma. Lakini safari hii sikukaa chini koridoni. Jumapili nilibeba laptop mpaka Msimbazi.

"Ulipokuwa unaijaribu kwenye flashi, Wi-Fi ulijaribu?" Kaka Rama akaniuliza.

"Nilisahau."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nabadilisha rangi."

Alicheka mpaka akaweka chini bisibisi. "Mtu ananunua nyumba, anakagua mapazia. Lete hapa." Akachomeka simu yake kwenye laptop kwa waya wa chaji, akawasha kwenye simu sehemu ya kugawa intaneti, laptop ikapata mtandao kupitia waya ule. Kadi yangu ya Wi-Fi ni ya kizamani, ilihitaji programu yake ya ziada. Tukaipakua, tukazima, tukawasha, Wi-Fi ikaonekana. Safari hii nilimwomba arudie taratibu nione, na nilikuwa naongea, sikutikisa kichwa.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, mkuu wa shule amekaa nyuma na mikono imekunjwa. Tulikuwa tuiweke Debian kwenye kompyuta moja ya shule akiwa anaangalia. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ndogo.

"Ongeza sauti, bando limekata?" akasema mvulana mmoja wa nyuma, watu wakacheka.

Nikasema, safari hii wote wakanisikia, "Kabla hatujaanza, nani ameangalia Luku ya shule?"

Walicheka zaidi. Mwalimu hakucheka. Alitoka mwenyewe akaenda kuangalia, na alipochelewa kurudi, kicheko kikaisha chenyewe. Aliporudi alikuwa anafuta jasho. "Tulikuwa mwisho kabisa," akamwambia mkuu. "Mhasibu ameshanunua. Endelea, binti."

Nikaendelea. Mkuu wa shule alibonyeza kompyuta ile mwenyewe, akafungua, akafunga, akafungua tena, kama mtoto. Madawati mabovu mpaka leo yako nje nyuma ya jiko, umeyaona.

Basi mwanangu, ninachokuachia ni hiki. Ukihamia kitu kipya, kipende, wala usione haya kukipenda, lakini kikague kabla hujafuta cha zamani, na uanzie mahali pasipopendeza kuangalia. Vitu vyako viweke pembeni kwanza. Ukikwama, beba kilichokwama umpelekee anayejua, na ukifika kwake uongee. Na ukiona taa nyekundu, hata kama siyo zamu yako, hata kama wewe ni mtoto mbele ya watu wazima, bisha. Mimi bado naona aibu, haijaniisha. Nabisha hivyohivyo, aibu yangu ikiwa imesimama pembeni yangu.

Mungu akufungulie kila mlango utakaoubisha, mdogo wangu, na nyuma ya kila mlango akuwekee mtu kama Mama Neema. Laptop iko kabatini. Waya wake usiukunje.