Bi Halo na Kichwa cha Kijivu

Ofisi ya Rasilimali Watu imetamka kwamba katika zama hizi mtu asiyeonekana mtandaoni hayupo. Tamko lilitolewa kwa waraka wenye muhuri, likabandikwa kando ya mashine ya maji ya kunywa, mahali ambapo hata mvivu wa kusoma hulazimika kusimama akisubiri kikombe kijae. Waraka ulifafanua kwamba kila mfanyakazi wa kampuni hii ya bima atakuwa na wasifu katika mtandao wa kikazi, kwamba wasifu huo utakuwa na picha, kichwa cha habari, maelezo binafsi na ujuzi wa mhusika, na kwamba wale ambao nafasi zao zinafutwa watafikiriwa kwa nafasi mpya iwapo wasifu wao umekamilika. Asiyekamilisha, waraka uliongeza kwa upole, atakuwa amechagua mwenyewe.

Wale ambao nafasi zao zinafutwa walikuwa mtu mmoja.

Ofisini walimwita Bi Halo, ingawa neno hilo hakuwahi kulitumia kazini. Alikuwa akipokea simu za kampuni tangu enzi za nyaya za kuchomeka, na siku zote alijibu hivyo hivyo: jina la kampuni, habari za leo, nikusaidie nini. Mama aliyemfundisha kazi alimwachia kanuni moja tu. Usitaje jina lako. Mtu hakukupigia wewe. Ana shida yake, na wewe ni mlango tu, na mlango ukianza kujieleza mgeni atabaki nje.

Sasa kampuni ilikuwa imenunua mashine ya kujibu simu, ikaipa jina la Msaidizi. Msaidizi alikuwa na sauti ya mwanamke aliyelala vizuri na asiye na haraka. Aliwaambia watu wabonyeze moja, kisha mbili, kisha akawapigia muziki. Bi Halo aliachwa kwenye kiti chake, pembeni ya mashine, hadi mwisho wa mwezi, kwa ajili ya kile waraka ulichokiita kipindi cha mpito. Kazi yake katika mpito ilikuwa kutogusa kitu.

Nyumbani mshahara wake ndio uliokuwa nguzo. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, kazi inayochangamka joto likizidi na kusinzia baridi ikiingia, na baridi ilikuwa imeingia. Kwa hiyo Jumamosi mchana Bi Halo alimwita binti wa kaka yake, msomi wa masoko aliyehitimu vizuri na ambaye wasifu wake mtandaoni ulikuwa umekamilika kuliko wa mtu yeyote katika ukoo. Ulikuwa na picha ya kiofisi, mikono imekunjwa kifuani, na watu wengi sana wa kujuana nao. Kazi alikuwa hana, lakini hilo halikuonekana pale.

"Shangazi, kaa hapa penye mwanga nikupige picha."

"Picha ya nini?"

"Wakuone."

"Watu wangu hawanioni. Alikuja mteja mmoja pale mapokezi, tumezungumza naye miaka. Akanitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza dada wa simu yuko wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ametoka kidogo. Ningemvunja moyo wa nini?"

Mumewe alicheka huko barazani, kichwa kikiwa ndani ya jokofu la watu, na kicheko kikatoka kama kinatoka kisimani. Picha haikupigwa. Mahali pake mtandao ukaweka kichwa cha kijivu kisicho na macho, kama kile wanachowekewa wote ambao hawajaamua kuonekana.

Wakaja kwenye maelezo binafsi. Binti aliandika kwa kasi ya mtu anayejua anachofanya, kisha akamsomea: mtaalamu mahiri wa mawasiliano shirikishi, mwenye shauku ya kuleta matokeo na kujenga mahusiano endelevu na wadau.

"Huyu ni nani?" aliuliza Bi Halo.

"Ni wewe."

"Huyu ukimfungulia mlango anakuuzia sufuria."

"Shangazi, hapo ndipo mtu anapojisema. Kila mtu anajisema."

"Anamwambia nani?"

"Dunia nzima."

"Dunia haijaniuliza."

Binti akashusha pumzi, akamrudishia simu yake, akamwambia basi aandike kwa maneno yake mwenyewe, ilimradi pasibaki patupu, akaenda zake. Bi Halo alikaa na lile pengo muda mrefu. Chini yake palimulika kijistari, kikizima na kuwaka, kama taa ya simu inayosubiri kupokelewa. Na yeye, mtu akimsubiri, hujua jambo moja tu la kufanya. Akaandika jina la kampuni, akaweka mkato, akaandika: habari za leo, nikusaidie nini. Akaona jibu hilo limekaa vizuri. Akaliandika tena kwenye kichwa cha habari.

Kufikia Jumatatu alikuwa na ujumbe. Mtu mmoja aliuliza picha za kioo cha gari kilichopasuka zinapelekwa wapi. Mwingine alisema amesikiliza muziki wa kampuni mpaka ameujua, sasa anaomba kuzungumza na binadamu. Wa tatu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zote, kama anayepiga kelele toka ng'ambo ya barabara: LORI LANGU LIMEGONGWA NALISHUGHULIKIA TANGU MWEZI JUZI MNANIFANYA MPIRA.

Bi Halo, ambaye kwenye mpito hakuwa na cha kugusa isipokuwa simu yake mwenyewe, akawajibu wote. Wa kioo alimwelekeza chumba cha madai. Wa muziki alimpa jina la mhasibu na saa ambazo mhasibu yule huwa ameshakunywa chai. Wa lori alimwambia, taratibu, kwamba faili lake limekaa kwa mpima hasara kwa sababu halina picha ya upande wa nyuma. Aipige leo, ailete yeye mwenyewe, asimtume mtu.

Jibu likarudi: DADA UBARIKIWE.

Binti alipokuja jioni na kuufungua ukurasa, alikaa chini kabla hajapata kiti.

"Shangazi, umejiandika kama wewe ndiye kampuni."

"Nimeandika ninavyojibu."

"Watu wanadhani hapa ndipo ofisini."

"Si wanasaidiwa?"

Mumewe, akipangusa mikono kwa kitambaa, aliinama juu ya bega lake akasoma majina. "Kumbe humo ndani kuna watu," alisema. "Mimi nilidhani kuna wenye suti tu."

Habari ilimfikia Mkuu wa Rasilimali Watu katikati ya wiki, naye akamwita. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na meza kubwa na kalamu nyingi zilizopangwa kwa urefu, na alizungumza kama anayesoma waraka hata alipokuwa hausomi.

"Mama, umeenda kinyume na matumizi sahihi ya jina la taasisi."

"Kuna aliyelalamika, bosi?"

"Hakuna. Hilo ndilo linalonipa shida. Wamekusifia kwa maandishi, na hakuna hata mmoja aliyemsifia Msaidizi." Akasogeza kalamu moja irudi kwenye mstari. "Naomba jina la kampuni litoke leo. Na kuhusu nafasi mpya, nimeangalia. Huna picha. Huna ujuzi hata mmoja uliotajwa. Mfumo unasema wasifu wako haujakamilika. Ningependa kukusaidia, lakini mfumo umeshajibu."

Bi Halo alisema ameelewa. Alirudi kwenye kiti chake cha mpito, akalifuta jina la kampuni sehemu zote mbili, na baada ya hapo hakujua aandike nini, maana hakuna kanuni aliyofundishwa ya siku ambayo kampuni haipo. Yakabaki yale maneno mengine yakining'inia peke yake chini ya kichwa cha kijivu: habari za leo, nikusaidie nini. Jioni alimweleza mumewe kwa ufupi, wakala chakula, na hakuna aliyewasha redio.

Kesho yake asubuhi yule wa lori aliandika tena. DADA JINA LA OFISI LIMEENDA WAPI.

Akamjibu kwamba kampuni anamaliza nayo mwisho wa mwezi.

NJOO HUKU KWANGU, mtu yule aliandika, akaweka namba. Bi Halo akaipiga.

"Nani?" sauti ilifoka, na nyuma yake injini na mbwa.

"Habari za leo. Umeniandikia."

Sauti ikashuka ngazi kadhaa. "Ala. Kumbe ndivyo ulivyo."

Yule wa lori walimwita Mnyororo, na alikuwa na magari ya kuvuta magari mabovu. Yadi yake ilikuwa nyuma ya maghala, nyeusi kwa oili, na ofisi ilikuwa kontena lenye dirisha lililokatwa kwa mkono. Bi Halo alifika Ijumaa mchana na mkoba wake wa ofisini. Alikuta simu kadhaa zimepangwa juu ya pipa, zote zinalia, na madereva wawili wanabishana ni zamu ya nani kutozipokea.

"Hizo ni za waliokwama barabarani," Mnyororo alisema. "Mimi nikipokea, wanakata. Wanasema nawagombeza."

"Unawagombeza, bosi," alisema dereva mmoja.

"Nyamaza wewe. Dada, tuanze na maswali kidogo. Umesomea wapi..."

Simu moja ilianza kulia karibu na mkono wa Bi Halo. Aliipokea bila kufikiri, kama mtu anavyodaka kikombe kinachoanguka.

"Habari za leo, nikusaidie nini?" Akasikiliza. "Pole. Uko peke yako au una watoto? Basi washushe kwa upande wa kushoto, msogee mbali na barabara. Ee, gari liache. Sasa niambie unaona nini mbele yako. Kituo cha mafuta, na bango la rangi gani?" Akafunika simu kwa kiganja, akamtazama dereva aliyekuwa karibu zaidi. "Bango la bluu, njia ya kutokea mjini. Ana watoto wadogo, usimpigie honi."

Dereva alitazama bosi wake, kisha akaenda. Mnyororo alisimama na swali lake nusu mdomoni, kisha akatafuta kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati lake.

Bi Halo alianza mwezi ulipoisha. Barazani kuna nafasi zaidi siku hizi, maana Mnyororo, mwenye jokofu la soda pale yadi ambalo halijawahi kupoza, aligundua mume wa Bi Halo ni fundi, akamhamishia kazi zake huko. Binti wa kaka yake anashika zamu ya Jumapili, naye kwenye wasifu wake ameandika kwamba ni Mratibu Mwandamizi wa Operesheni za Uokoaji Barabarani, jambo ambalo, ukilitazama kwa makini, ni kweli.

Waraka ungali ukutani kando ya mashine ya maji. Na kila Jumatatu mtandao humwandikia Bi Halo ujumbe wa kumkumbusha kwamba wasifu wake haujakamilika, na kwamba bila picha hataonekana na waajiri. Huwa hausomi. Jumatatu simu huwa nyingi.