Kibanda cha Shimo la Kwanza

Mume wangu Wattie hajui kukaa. Sisemi kwamba hapendi, nasema hajui. Kanisani husimama nyuma kabisa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kumwita mwenzake. Supu anainywa akiwa wima mbele ya sinki, kikombe mkono mmoja, mkate mkono wa pili, na macho kayaelekeza dirishani. Siku ya harusi yetu picha zote ametoka na uso wenye ukungu, kwa sababu kila mpiga picha akisema tayari, yeye ameshageuka. Mama yangu aliniuliza kama naolewa na mtu au na upepo wa mlimani. Nilicheka. Miaka imepita, nacheka kidogo.

Miguu hiyo ndiyo iliyotulisha. Hapa Kinbrodie jumba la mabwana wenye ardhi ni hoteli tangu ukoo wao uliuze, na wageni wanakuja kwa ndege zao binafsi kuwinda kwale, kuvua samaki mtoni na kucheza gofu. Wattie alikuwa mbeba mkoba. Mgeni anacheza, yeye anabeba fimbo zake begani, anamwambia upepo ukoje, anautafuta mpira kwenye magugu, na anafunga mdomo inapobidi. Mvua ya kwetu inanyesha kwa ubavu, na yeye anarudi nyumbani amelowa mpaka soksi, ana raha kama mtoto siku ya Krismasi. Mimi nilikuwa chumba cha dobi nyuma ya jumba, napiga pasi mashuka ya watu wanaolala peke yao kwenye vitanda vya watu wanne.

Halafu nyonga yake ikachoka. Akaanza kuchechemea, akawa anakana. Daktari akamwambia mkoba basi.

Sasa tatizo letu ni hili. Nyumba tunayokaa, ile ya mawe pale getini, si yetu. Nyumba inafuata kazi ya Wattie, kama ilivyofuata kazi ya baba yake. Kazi ikiisha, mnatoa vitanda vyenu nje. Na kila mtu alijua kwamba hoteli inaitamani ile nyumba, iwe ya wageni wanaosafiri na mbwa. Walishapima hata mahali pa beseni la kuogeshea mbwa, ndani ya chumba changu cha kulala. Haki ya Mungu.

Meneja wetu, Bi Carrick, si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka, lakini si mbaya. Akampa Wattie kazi ya kibanda. Kibanda kiko shimo la kwanza, pale mchezo wa gofu unapoanzia, cha mbao, kina dirisha moja na kiti kimoja. Unakaa humo, unaita majina, unatoa kadi, unaangalia kundi lililotangulia limefika mbali kiasi gani, kisha unawaambia wanaofuata wapige. Ndiyo kazi yote. Kaa, nyumba ni yenu. Ukishindwa kukaa, basi.

Kiti chenyewe kilikuwa cha baba yake, mzee Dod. Yeye naye alibeba mikoba mpaka magoti yakagoma, akaingizwa humo, na humo ndimo alimofia, asubuhi moja ya baridi, kofia imemshuka usoni. Makundi matatu yalimpita yakidhani amesinzia, yakamsalimu, yakapiga mipira yao na kwenda zao. Kwa kweli ni hadithi ya kuchekesha ukiisimulia vizuri, na baa ya kijijini wanaisimulia vizuri. Eti ndiye mtu pekee aliyefanya kazi Kinbrodie bila kulalamika. Wattie hucheka pamoja nao. Mimi sikuwahi kufikiria zaidi ya hapo.

Basi akaanza kibanda, na mimi roho juu. Dirisha la chumba cha dobi linatazama kule, kwa hiyo nilikuwa napiga pasi huku namchunga. Asubuhi ya kwanza alikaa. Saa ya chai alikuwa amesimama mlangoni. Mchana alikuwa nje anafagia majani ambayo hakuna aliyemtuma kuyafagia. Kesho yake nikamwona kule mbali kwenye nyasi, mikono mgongoni, anaangalia mpira wa mtu umeangukia wapi, na kibandani patupu. Bi Carrick akamwonya kwa upole. Wiki iliyofuata akamwonya bila upole.

Jioni nilimpa vidonge vyake. Nikamwambia mimi sihami kwa ajili ya beseni la mbwa. Nikamwambia wanaume wenziwe wanatafuta kiti, yeye kapewa kiti na dirisha na paa, anakikimbia kama amekalia siafu. Aliosha kikombe kile kile mara mbili, akasema atajitahidi. Nikajua hatajitahidi. Usiku kucha nilikuwa nageuka kitandani, nalihamisha kabati lile kubwa kichwani mwangu, halipiti mlangoni.

Ikaja wiki ya msimu wa kwale, jumba limejaa wageni. Jumamosi nikanyanyua macho kutoka kwenye foronya, nikaona kibanda kitupu na mbele yake watu wamesongamana na mikoba yao, wamevaa sufu mpya ambayo bado inanuka duka. Kule mbali, shimo la sita, mtu anachechemea na mkoba begani. Mbeba mkoba mmoja hakutokea siku hiyo, na Wattie hakungoja kuombwa.

Nikazima pasi. Nikakimbia na aproni yangu, nikaingia kibandani, nikakaa.

Sikuwa na mpango wowote, msije mkanisifu bure. Ila nilikuwa nimeisikia kazi ile kila siku juu ya supu, nikawa naijua bila kujua kwamba naijua. Nikaita majina. Mengine niliyavunja vunja, wenyewe wakayaokota. Bwana mmoja mwenye masharubu alitaka kupiga wakati wenzake bado wako karibu, nikamwambia asubiri, akaniuliza mimi ni nani. Nikamjibu mimi ndiye niliyepiga pasi hiyo suruali yake, na nisingependa aende nayo polisi kwa kumpasua mtu kichwa. Wenzake walimcheka sana. Akasubiri.

Bi Carrick akatokea mlangoni wakati natoa kadi. Akauliza Wattie yuko wapi.

"Shimo la sita," nikasema. "Kabeba mkoba wa mtu."

Ningedanganya ningesema nini, wakati anaonekana? Alisimama pale mpaka nikaruhusu makundi mawili, nami najitia hamnazo. Alipoona hakuna tena msongamano akasema mkataba unasema nyumba inafuata kibanda. Hausemi anayekaa ndani awe na ndevu.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya mume wangu. Nilipomwambia jioni niliogopa atanuna. Alisimama sinki, akamaliza supu, akaniuliza kama nitavaa koti zito kule. Basi.

Lakini tangu Jumatatu yake akaanza kunitia wazimu. Hana kazi rasmi sasa, anatembea uwanjani, anatafuta mipira, anamsaidia huyu na yule, mikoba midogo tu, anaapa. Na kila akipita kibandani anagonga kioo. Niko na wageni, anagonga. Nahesabu kadi, anagonga, anasimama na mvua inamchuruzika puani mpaka nimtazame. Wale vijana wa kukata nyasi wakaanza kunitania kwamba mzee ana wivu na mabwana wa gofu. Nilivumilia. Kisha siku moja aligonga nikiwa katikati ya kuita jina gumu, wageni wakageuka wote, nami nikafungua dirisha kwa hasira.

"Wewe Wattie, unanichunga? Unadhani nitatoroka na nani?"

"Hapana, mama."

"Basi unataka nini? Kiti chako ulikikimbia mwenyewe."

Aliangalia viatu vyake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilimwona ametulia kabisa, hata kidole hakitikisiki.

"Asubuhi ile baba alipofia humu, nilimpita mara mbili," akasema. "Nina mkoba begani. Nikampungia. Mara zote mbili nilimpungia mkono, sikungoja anijibu."

Wageni walikuwa wanasubiri. Yeye akainua mkono, akaubakiza hapo hewani.

"Wewe nipungie tu, Elspeth. Ukishanipungia naondoka."

Nikampungia. Akaenda zake, anachechemea kuelekea shimo la pili.

Sasa akigonga naacha kila kitu. Kama mgeni anaongea, atangoja. Nanyanyua mkono juu kabisa, niko kwenye kiti cha mzee Dod, mpaka niuone wa kwake umeshuka.