Kambare wa Majivu

Nimefanya kazi za kila aina kati ya Bangale na Madogo: kupakia mbuzi kwenye malori, kuziba pancha, kulinda duka la mtu. Kila nilipochoka nilirudi Kilelengwani kwa dada yangu mkubwa. Wazazi wetu walishakufa, yeye ndiye aliyebaki. Alinitandikia mkeka uleule, kwenye kona ileile, wala hakuwahi kuniuliza nimeleta nini.

Mara ya mwisho nilikuta mafuriko yamemaliza mpunga wake na migomba yake. Alikuwa anaishi kwa kambare wa ziwani tu.

"Hawa nao wakikosa mnunuzi, mdogo wangu, nakwenda Malindi kufua nguo za watu," alisema. "Hapa sitakaa kula upepo."

Wakati huo Garsen kulikuwa na mradi wa masanduku ya samaki. Hayakuwa ya plastiki; yalitengenezwa kwa nyuzi za migomba na makapi ya mpunga, na yakitupwa yangeoza yenyewe. Ndani ya kila kifuniko palikuwa na doa la zambarau, rangi iliyotolewa kwenye maua. Samaki akianza kuharibika, tuliambiwa, doa linageuka kijani. Gari lingechukua samaki kila wiki kupeleka hoteli za Malindi, lakini kwa wale tu ambao mzigo wao wa kwanza ungefika Garsen na madoa ya zambarau. Mafunzoni nilikwenda mimi, dada akiwa ziwani. Nilirudi na masanduku kichwani, nikijiona angalau safari hii nimemletea kitu.

Kambare ana ute. Hashikiki, sembuse kupasuliwa. Mama alitufundisha kumsugua kwa majivu ya jikoni mpaka ngozi ikwaruze kiganja, ndipo umsuuze. Jioni ile dada alikuwa anasugua samaki wa kitoweo chetu, akachukua sanduku moja kulitazama. Aliporudisha kifuniko, niliona doa limekuwa kijani pale kidole gumba chake kilipogusa. Ndani hamkuwa na samaki yeyote. Nikadhani hilo ni sanduku bovu, nikalificha chini ya mengine. Sikumwambia kitu.

Alfajiri alivua, akasugua, akasuuza, akapanga mpaka samaki wakagusa vifuniko. Tulifika Garsen kwa bodaboda jua halijawa kali. Wanawake waliotutangulia walileta perege, ambao hawahitaji majivu, na wote walipita. Msichana wa mradi akafungua sanduku letu la kwanza. Kijani. La pili, kijani. Yote.

"Mama, hawa wameharibika."

"Wameharibika? Nimewatoa majini leo leo! Hebu nusa, mwanangu."

"Mimi sinusi, mama. Naangalia alama."

"Pua umepewa ya nini, basi?"

Mwanamke mmoja wa perege akacheka. "Kijani si ruhusa ya kupita, kama taa za Mombasa? Mpitishe!"

Watu wakaangua kicheko. Dada hakucheka. Alimshika kambare mmoja mkiani, akamwinua mbele ya uso wa yule msichana, na hapo nikaona majivu yamebaki kwenye mikunjo ya mashavu ya samaki, meupe, yameloa. Nikaelewa. Ningesema palepale. Lakini ningeulizwa nimejuaje, naye angesikia mbele ya wote kwamba niliona tangu jana nikanyamaza. Nikatazama chini. Jina lake likakatwa, gari likaondoka.

"Ni majivu yaliyogeuza madoa," nikamwambia vumbi lilipotulia.

"Umejua lini?"

"Jana niliona doa. Leo ndiyo nimeelewa."

Hakunitukana. Alijaribu kuwagawa wale samaki bure pale sokoni, lakini habari ilikuwa imeshaenea kwamba wameoza, na hakuna aliyenyoosha mkono. Tuliwala wenyewe siku mbili. Walikuwa watamu.

Wiki iliyofuata alikwenda Malindi. Mimi nikarudi Madogo.

Mwezi uliopita nilipita Kilelengwani. Masanduku yaliyobaki nje yalikuwa yamelainika kwa mvua na kugeuka udongo, kama tulivyoahidiwa. Mlango ulifungwa kwa waya tu, nikaufungua. Kona yangu ilikuwa tupu. Mkeka alikwenda nao.