Nyasi za Mwenyekiti

Mbele ya nyumba yetu kule mtaa wa Mbotela kuna nyasi. Si nyingi. Ukitandika mikeka miwili umezimaliza. Mama alizipanda kabla sijaanza shule, kwa mizizi aliyoileta kutoka kijijini kwao magharibi ikiwa imefungwa ndani ya gunia lenye unyevu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuzikanyaga bila sababu. Kupita njia haikuwa sababu. Wageni walikuwa sababu.

Kwa nini alizipanda, sote nyumbani tulijua. Watu wa Baba walipokwenda kumposa Mama, wazazi wake waliishi mjini, chumba kimoja cha kupanga Pumwani, na wageni wakakalishwa nje penye vumbi kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Shangazi yake Baba aliporudi kijijini alisema kwamba vumbi la ukoo ule amefika nalo nyumbani kwenye pindo la rinda. Maneno hayo yalisafiri polepole. Yalimfikia Mama akiwa ameshaolewa, na hakuyajibu. Alipopata nyumba yenye kiwanja mbele, alipanda nyasi.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya dada yangu. Familia ya mchumba wake, watu wa Ukambani, walituma habari kwamba wangekuja kujitambulisha mwisho wa mwezi. Mama alipopata habari hiyo hakuuliza wangekuwa wangapi wala wanakula nini. Alitoka nje akaziangalia nyasi.

Zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu, na sisi tayari tulikuwa chini ya kanuni ya maji. Safu yetu ya nyumba hutumia tangi moja, ambalo hujazwa siku za mgao. Zamani lilitosha. Sasa ghorofa zimeota pande zote, kila moja na wapangaji wake, na bomba linalotuletea maji ni lile lile lililokuwapo watu wakiwa wachache. Asubuhi moja mama mwenye mtoto mchanga, wa nyumba ya mwisho, alifungua mfereji ukakohoa tu. Jioni ya kuamkia siku hiyo, sisi wa karibu na tangi tulikuwa tumemwagilia maua, sukuma wiki na nyasi, wengine kwa mpira.

Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wa safu yetu ni Baba, karani mstaafu wa reli, ambaye alichaguliwa kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakutoa udhuru. Alisimama akapendekeza: maua na nyasi zitamwagiliwa Jumatano jioni tu, mtungi mmoja kwa nyumba, bila mpira. Maji yaliyokwisha kutumika hayana siku, mtu amwage atakapo. Mikono ikapanda. Wa Mama pia ulipanda, ingawa nadhani uliinuka kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na nilikuwa nyumbani nikisubiri kujibiwa na watu niliowaomba kazi. Mtu anayesubiri hufikiri sana, na mimi hata nisiposubiri hufikiri sana. Niliwaza kama maji ya kuoshea mchele yanahesabiwa kuwa yametumika, maana mchele haukuwa mchafu. Niliwaza kama mtungi uliobaki na maji kidogo Jumatano unaweza kumaliziwa Alhamisi. Nilimuuliza Baba. Alishusha miwani.

"Wewe unasoma sheria ambayo mimi sijaandika," akasema.

Mama hakuuliza kitu. Aliweka karai bafuni na sote tukaanza kuoga tukiwa tumesimama ndani yake. Maji ya kuoshea mboga yalikuwa na ndoo yake, na ya kusuuzia nguo ndoo yake. Nilimwambia nimesoma kwamba sabuni inaweza kuharibu nyasi.

"Umesoma wapi?"

"Kwenye simu."

"Hiyo simu yako imewahi kupanda nyasi?"

Lakini baadaye nilimwona akiyaacha maji ya povu yatulie, kisha anayapeleka kwenye mtaro, na yale ya kusuuza ndiyo yanakwenda kwenye nyasi. Hatukulizungumzia tena.

Wiki ile nyasi za majirani wote ziligeuka rangi ya katani. Zetu ziligeuka pia, isipokuwa ukanda karibu na mlango, mahali ambapo ndoo zilikuwa zikimwagwa. Ukanda ule ulibaki kijani. Nilikuwa wa kwanza kuogopa. Kila nikitoka niliuona kama mtu asiyelijua jambo angeuona, na nilitamani ukauke kidogo, angalau kwa heshima.

Wa pili kuuona alikuwa jirani yetu anayeuza viatu vya akala, vile vya matairi, sokoni Kariokor, mtu asiyeweza kupita bila kusema neno.

"Mwenyekiti, niaje!" alimwita Baba mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni mferejini. "Hii nyasi yako inakunywa Jumatano kama zetu, ama usiku inaongezwa kidogo?"

Watu walicheka. Baba pia alicheka, ila aliacha mapema kuliko wengine.

Tangu jioni hiyo Mama alibadili saa. Alingoja foleni ijae, kisha akatoka na beseni na kumwaga huku akitangaza kama mpiga debe.

"Haya ni ya sukuma! Haya ya mchele! Haya, majirani, ni miguu ya mwenyekiti, mnataka kunusa?"

"Peleka mbali, mama!" yule wa akala alijibu. "Hiyo itaua nyasi!"

Walicheka tena, na safari hii Baba alicheka mpaka mwisho. Lakini maji ya mchele na ya miguu hayatoshi mikeka miwili. Zikiwa zimebaki siku chache wageni wafike, katikati ya nyasi palikuwa pameanza kuonekana udongo, na mtu akipita, vumbi jembamba liliinuka na kukaa.

Dada alikuja kutoka kazini akaliona. Alisema kuna mtu wa mkokoteni anauza maji ya kisima karibu na Jogoo Road. Yeye atanunua mitungi ya kutosha, nyasi zinyweshwe kila jioni mpaka siku ya wageni. Maji si ya tangi, kwa hiyo hakuna atakayekosa. Nilidhani hoja hiyo haina tundu. Nilikuwa nimeitafutia tundu.

Tulikuwa mezani. Baba alimaliza kutafuna kwanza.

"Anayepita hapo nje hataona maji yametoka wapi," akasema. "Ataona kijani."

"Na mgeni ataona nini?" Mama akauliza. "Vumbi?"

Baba alimega tonge jingine, na Mama akaendelea.

"Unakumbuka shangazi yako alisema nini?"

"Nakumbuka."

"Ulimjibu?"

"Sikumjibu."

Nilitazama sahani yangu. Nilikuwa sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa katika nyumba ile. Baba alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, kwamba kama Mama anataka maji yale yanunuliwe, yatanunuliwa, na yeye ataitisha mkutano aache uenyekiti, kwa sababu hawezi kumzuia mama mwenye mtoto mchanga kumwagilia maua yake mawili huku nyasi za mwenyekiti zinanawiri. Hakuwa anatisha. Alikuwa anaeleza tu mambo yatakavyofuatana, kama alivyokuwa akieleza ratiba za reli.

Mama aliondoa vyombo. Tukasikia akivikusanya jikoni, kisha akasema bila kugeuka, "Mwambie huyo wa mkokoteni apite tu, asisimame hapa."

Nililala nikijiuliza kama alikuwa ameshindwa au amechagua. Hata sasa sijui, na sura yake asubuhi haikunisaidia. Alikuwa anachuja maji ya mchele.

Wageni walifika Jumamosi mchana. Tulipanga viti juu ya nyasi kama ilivyokuwa imekusudiwa miaka yote hiyo, na zilikuwa za manjano, ngumu, zenye vipara. Mama aliwapokea kwa furaha yote inayotakiwa, lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye miguu ya watu. Aliyekuwa akitazamwa zaidi alikuwa shangazi wa huyo mchumba, mama mnene wa makamo aliyevaa rinda refu la buluu lililofika ardhini.

Dada alikuwa bado ndani, kwa hiyo kunawisha wageni kuliniangukia mimi. Nilianza kwa shangazi huyo. Niliinama na jagi mkono mmoja na beseni mkono mwingine. Alilisukuma beseni pembeni kwa mguu.

"Wacha hilo, mwanangu. Mwaga hapa chini."

Nilisimama. Sikujua kama tumetukanwa. Nilimtazama Mama, naye alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chapati, hajui pia.

"Mwaga," shangazi akarudia. "Kwetu mvua ni haba, hata maji ya mikono hayachezewi."

Nikamwaga. Aliyefuata naye akanyoosha mikono juu ya nyasi, na wa baada yake, nami nikazunguka viti vyote vivyo hivyo. Ndipo yule wa akala, ambaye tulimwalika kwa upande wetu kwa sababu hata asingealikwa angekuja, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mwenyekiti! Leo si Jumatano!"

"Yameshatumika," Baba akajibu.

Wageni walitaka kujua kinachochekwa, na Baba akawaeleza kanuni yote, tangi, ghorofa, mtungi mmoja. Shangazi alisikiliza kwa makini.

"Na mtungi mmoja unatosha?"

"Hautoshi."

Aliinama kwenye kiti, akashika nyasi kwa vidole viwili, akavuta. Hazikung'oka. "Lakini hizi hazijafa," akasema. "Nani anazitunza?"

Baba alielekeza kidevu mlangoni. "Muulize huyo."

"Ni maji ya mchele, mama," Mama akasema. "Na ya miguu ya huyu mzee wangu."

"Basi mzee ana miguu mizuri," shangazi akajibu, na chapati zikaanza kuzunguka.

Walikaa mpaka jua lilipopungua. Mazungumzo yao hayahusiani na jambo hili, ila yalikwenda vizuri. Walipoinuka kuaga, shangazi alikung'uta rinda lake, kwanza mbele, kisha nyuma. Vumbi lilitoka, kidogo. Nilimwona Mama akiliangalia likitoka. Jani moja la nyasi, kavu, la manjano, lilibaki limenasa kwenye pindo. Mama alikuwa amesimama karibu kiasi cha kulifikia kwa mkono, na nilijua ameliona. Nilimngoja ainame.

Alimshika shangazi mkono, akamsindikiza hadi kwenye gari, jani likiwa pale pale. Kisha akarudi kuosha vyombo, na akaniambia nisimwage mtaroni maji ya kusuuzia.